Ufundi wa Kuchambua Vitu

Kupunguza vitu nyumbani huhesabiwa kazi ya usafi, ya kufanywa Jumamosi kabla wageni hawajafika. Mimi naona ni ufundi kamili, wenye utaratibu wake na jicho lake, na kiini chake si kutupa. Ni kukishika kila kitu mkononi, kutambua kimekufaa nini, kukishukuru, ndipo uamue kama kibaki au kiende. Marie Kondo, Mjapani ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilienea duniani katika muongo wa 2010, anafundisha jambo ambalo wengi hulicheka: kinachotolewa kiagwe kwa asante. Wanaocheka wanapitwa na jambo zito. Shukrani humlazimisha mtu akumbuke alichopewa, na bila kumbukumbu hiyo hata mwenye ghala hujiona hana kitu.

Maana ugumu wa kuachia hautokani na uchoyo tu. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo wanafunzi wengine walipewa vikombe vya kawaida na wengine hawakupewa. Waliopewa walitaka kama dola 7 ndipo waviuze. Wasio navyo walikuwa tayari kutoa kama dola 3. Kikombe ni kile kile, na kilikuwa chao kwa muda mfupi tu, lakini uchungu wa kukikosa ulishapandisha bei. Hofu ya namna hiyo ikikaa nyumbani miaka ishirini, vitu hurundikana na utoshelevu hauji. Kule Los Angeles watafiti walizichunguza familia 32 za kipato cha kati kati ya 2001 na 2005, wakakuta gereji tatu katika kila nne haziingizi gari kwa kujaa vitu. Upande wa pili, Robert Emmons na Michael McCullough walionyesha mwaka 2003 kwamba watu walioandika kila wiki mambo machache ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi kuliko walioandika kero zao. Hakuna aliyeongezewa mali. Waliongezewa kuona.

Pingamizi kubwa linatoka kwetu wenyewe, nalo lina haki: akiba haiozi. Katika nyumba ambayo kipato cha kesho hakijulikani, kopo la siagi likisafishwa ni la sukari, dumu la mafuta ni la maji, na misumari iliyonyooshwa itafunga mlango siku ya shida. Anayemwambia mama wa nyumba hiyo avitupe hajui maisha. Lakini akiba ni kitu unachojua unacho na unajua kilipo. Mfuniko usio na sufuria, chaja ya simu iliyokwisha kufa, funguo za kufuli lisilokumbukwa, gauni lililosokomezwa uvunguni mpaka panya wakalitoboa, hivyo vimekwisha kuoza. Mwenye navyo atanunua vingine siku ya haja, kwa sababu amesahau kuwa anavyo. Kuchambua ndiko kunakoitunza akiba.

Tazama pia kabati la vioo sebuleni. Sahani za maua na glasi zenye ukingo wa dhahabu zimepangwa humo juu ya kitambaa cha kufuma, zinasubiri wageni, huku watoto wa nyumba wanakula kwenye plastiki iliyokwaruzika hadi rangi yake imetoka. Kumheshimu mgeni ni jambo jema, sitaki lipungue. Ila sahani isiyoguswa miaka kumi haijamheshimu mtu yeyote. Mwenye shukrani akifika kwenye kabati hilo huzileta sahani mezani siku ya kawaida, Jumanne ya ugali na mchicha, na kinachotoka nyumbani ni ile plastiki. Hakuna senti iliyoongezeka, lakini watoto wale wamejua kuwa kilicho bora katika nyumba yao ni chao. Fikra ya neema, yaani kujiona unacho cha kutosha, huanza kwa jambo dogo la aina hii, wala haihitaji kwanza utajiri.

Wapo wanaohofu kwamba kusifu shukrani ni kumfunza maskini anyamaze, na ni kweli wenye nguvu wameitumia hivyo mara nyingi. Lakini kushukuru kwa ulichonacho hakufuti deni la ulichodhulumiwa.

Linalonisumbua zaidi ni kule vitu vinakokwenda. Makabati yanapopunguzwa Ulaya na Marekani, nguo nyingi huishia kwenye marobota yanayofunguliwa Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam. Wachuuzi hugombea zile nzuri za mwanzo, kisha hubaki zenye madoa na zilizochanika, ambazo mnunuzi wa robota amekwisha kuzilipia kabla ya kuziona. Aliyezitoa alijisikia mwepesi kwa kumtwisha mwingine, na nasi tunafanya vivyo hivyo tunapompelekea ndugu wa kijijini mfuko wa nguo ambazo hata sisi tungeona haya kuzivaa. Kwa hiyo ufundi huu hauishii mlangoni. Shati kabla halijatoka hufuliwa, kifungo kilichopotea hushonwa kingine, na lisilovalika tena hukatwa likawa tambara la jikoni. Linalobaki hupelekwa kwa mtu aliyeulizwa kwanza kama analihitaji na kama litamtosha mabegani.