Wakili Mpya na Milango ya Fiqhi: Cheti cha Semina Hakitoshi

  

Katika nchi nyingi za leo, kuapishwa kuwa wakili si mwisho wa kusoma. Katika jimbo la New York huko Marekani, wakili mpya hulazimika kukamilisha saa 32 za mafunzo ndani ya miaka yake 2 ya mwanzo. Jirani zetu wa Kenya wanadaiwa na chama chao cha mawakili pointi 5 za mafunzo kila mwaka. Mada zinazozoeleka katika mafunzo ya namna hii ni uandishi wa mikataba, kodi, taratibu za mahakama na maadili ya kazi. Mwisho wa siku hutolewa cheti, na mtu huhesabiwa kuwa amesoma.

Lengo la mafunzo hayo ni jema na hatulipingi. Tunalolikosoa hapa ni jambo moja. Wakili wa Zanzibar akipewa mafunzo hayo bila ya fiqhi, tena fiqhi ya kusomwa kitabuni mbele ya mwalimu, anaachwa mtupu mahali pale pale ambapo wateja wake wengi wanamhitaji. Na anayelipa gharama ya utupu huo si yeye. Ni mjane, mtalaka na yatima.

Mlango ambao hauna wa juu yake

Mtu wa Unguja akipatwa na shauri la talaka, nafaka ya watoto au mirathi, njia yake ni Mahakama ya Kadhi, ambayo kwa sasa inafuata Sheria namba 9 ya 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Wakfu una Kamisheni yake, iliyowekewa sheria mwaka 2007. Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya kadhi na masheikh, wakili ana nini nayo? Lakini kazi ya wakili huanza kabla ya mahakama. Huanza ofisini kwake, Mji Mkongwe au Mwanakwerekwe, pale mama anapoingia na karatasi zake mkononi akaomba ushauri. Wakili ndiye anayempa jina shauri lile. Ndiye anayeandika madai, na hukumu ikitoka ndiye anayeandika sababu za rufaa.

Tena tukumbuke jambo ambalo wengi wanalisahau. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 99, imeyatoa mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi nje ya mamlaka ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Maana yake ni kwamba safari ya mashauri haya inakoma hapa hapa visiwani. Shauri la shamba au la mkopo wa benki likiharibika, lina ngazi nyingine ya kutazamwa upya. Shauri la talaka likipewa jina lisilokuwa lake tangu mwanzo, huenda likafika mwisho wake na kosa lile lile.

Mifano miwili ya kitabuni

Tuchukue mlango wa wakala. Fiqhi inakubali mtu kumuwakilisha mwenziwe katika ugomvi, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliwaweka watu wa nyumba yake, Aqil kisha Abdullah bin Jaafar, wamsimamie katika mashauri. Kwa Mashafii uwakala huo unasihi hata bila ya ridhaa ya mgomvi wa pili, ilhali Imam Abu Hanifa anaishurutisha ridhaa hiyo. Hadi hapa wakili wetu mpya atafurahi. Lakini twende mbele kidogo. Wakili wa ugomvi akikiri jambo dhidi ya aliyemuweka, kwa Mashafii ikrari ile haimlazimu mwenye shauri, kwani kuwakilisha katika ugomvi si kuwakilisha katika kukiri. Katika mahakama za kawaida mambo aghlabu ni kinyume chake: analolikubali wakili mbele ya jaji humfunga mteja wake. Kijana aliyezoea huku akaenda kule, na hakuusoma mlango huu, ataitumia kanuni ya mahakama moja katika mahakama nyingine wala hatajua kwamba amevuka mpaka.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mke analalamika kwamba mumewe hamtunzi. Hapa kwetu watu wamezoea neno "kununua talaka", yaani khului: mke anatoa mali, na mume anamwacha. Wakili asiyeijua fiqhi huona hiyo ndiyo njia fupi, akamshauri mama wa watu arejeshe mahari ajikomboe. Lakini je, ameuliza kwanza kama mume ameshindwa au amekataa? Imam Nawawi katika Minhaj ameyatenga mambo mawili haya. Mume aliyefukarika, asiyeweza hata nafaka ya chini kabisa, mkewe ana haki ya kuomba faskhi, na mume hupewa muhula wa siku 3. Ndoa ikivunjwa kwa faskhi hiyo baada ya wawili hao kuingiliana, mahari ni haki yake mke na halazimiki kurejesha kitu. Ama mume mwenye uwezo aliyekataa kutoa, kauli iliyo sahihi zaidi katika kitabu hicho ni kwamba hapana faskhi kwa sababu hiyo. Huyo hulazimishwa na hakimu kutoa.

Basi tazama tofauti iliyoje! Swali moja tu, ambalo lilitakiwa liulizwe ofisini siku ya kwanza, ndilo linaloamua kama mwanamke huyu atatoka na mahari yake, au atatoka mikono mitupu na huku ameuza bangili zake ili anunue kitu ambacho pengine sheria ingempa bure. Kadhi mwenye ilimu huweza kuligundua hilo. Lakini kadhi anahukumu kwa yale yaliyoletwa mbele yake. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ummu Salama (R.A.), ametutahadharisha kwamba mmoja wa wagomvi huenda akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa haki isiyokuwa yake, na kwamba atakayeichukua amechukua kipande cha moto. Wakili, ambaye kazi yake ni hoja, ndiye wa kwanza kuiogopa Hadithi hiyo.

Somo la wakfu

Historia ya Afrika Mashariki inatuonesha nini hutokea pale hukumu za kesi zinaposhika nafasi ya kitabu cha fiqhi. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni ya Uingereza, liliamua kesi ya Abul Fata iliyotoka Bengal. Lilisema kwamba wakfu uliowekwa kwa ajili ya kizazi cha mwenye kuweka, huku fungu la masikini likiwa mbali na la kubahatisha, si wakfu. Waislamu wa Bara Hindi hawakukubali, na mwaka 1913 ikapitishwa sheria, kwa mswada ulioletwa na Muhammad Ali Jinnah, ya kuuhalalisha wakfu wa familia.

Ungedhani jambo limekwisha. Lakini katika kesi ya Bakhshuwen iliyotoka Kenya, ambayo hukumu yake imo katika ripoti za sheria za mwaka 1952, Baraza lile lile liliirejea kesi ya Bengal na kuubatilisha wakfu wa familia wa Waislamu wa Afrika Mashariki. Hukumu ya watu wa Bengal, walio Mahanafi, tena iliyokwisha ondolewa kwao kwa sheria, ikawaangukia Mashafii wa mwambao. Na mwanafunzi yeyote aliyeufikia mlango wa wakfu katika Minhaj anajua kwamba mtu akisema ameweka wakfu kwa wanawe, asitaje wa baada yao, kauli yenye nguvu ni kuwa wakfu umesihi. Wakimalizika hao waliotajwa, manufaa yake huenda kwa jamaa wa karibu wa aliyeweka.

Hatusemi kwamba katika kesi ile hapakuwa na aliyetetea. Tunasema kwamba katika mizani ya mahakama ile, nakala ya kesi ilikuwa nzito kuliko mlango mzima wa fiqhi. Wakili anayefunzwa leo kutafuta kesi tu, bila ya kufunzwa kufungua kitabu, anafunzwa mizani hiyo hiyo. Na Mji Mkongwe, ambao nyumba zake nyingi ni za wakfu, una cha kupoteza.

Kitabu kilichovuka lugha mbili

Huenda wakili kijana akajibu kwamba Minhaj anayo, tena kwa Kiingereza. Kweli, ipo. Lakini aitazame vizuri nakala hiyo. Mholanzi Van den Berg aliifasiri Minhaj kwa Kifaransa, ikachapwa Batavia kati ya 1882 na 1884 kwa ajili ya mahakama za Waholanzi huko Indonesia. Kisha E. C. Howard akaigeuza tafsiri hiyo kwa Kiingereza mwaka 1914. Yaani Kiingereza hicho si tafsiri ya Kiarabu cha Imam Nawawi, bali ni tafsiri ya tafsiri. Mholanzi mwenziwe, Snouck Hurgronje, aliikosoa vikali kazi ya Van den Berg.

Hatari yake si ya lugha peke yake. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277) amekijenga kitabu chake juu ya maneno ya daraja. Anaposema "adhhar" au "mashhur" anakusudia kauli za Imam Shafii mwenyewe. Anaposema "asahh" au "sahih" anakusudia rai za wafuasi wa Imam. Asiyezijua istilahi hizi, ambazo zimefafanuliwa katika dibaji, huisoma Minhaj kama mtu anayesoma vifungu vya sheria, akadhani kila sentensi ina nguvu sawa. Na zaidi ya hayo, wenye kutoa fatwa katika madhehebu hawaishii kwenye Minhaj. Hutazama Tuhfa ya Ibn Hajar na Nihaya ya Ramli. Hayo hayapatikani kwa kufungua ukurasa usiku wa kuamkia kesi.

Walivyosoma waliotutangulia

Wala jambo hili la kuendelea kusoma baada ya kupewa cheo halikuanza na vyama vya mawakili. Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861–1925) alikuwa tayari kadhi wa Zanzibar zama za Sayyid Barghash. Aliuacha ukadhi, akasafiri hadi Istanbul na kwengineko, akakaa tena mbele ya maulamaa, ndipo aliporejea Unguja mwaka 1888 na kukikalia kiti cha ukadhi. Rafiki yake, Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka huo huo wa 1925, alikuwa mwanachuoni wa kutegemewa alipofunga safari ya Hadhramaut mwaka 1897 kwenda kuchuma kwa masheikh wa huko, na safari hiyo akaiandikia kitabu. Madrasa yake ya Ukutani ikawa chemchemi ya ilimu kwa mwambao mzima. Watu hawa hawakuhesabu saa. Walihesabu vitabu walivyovisoma, na walimu waliowasomea.

Hoja za kupinga, na pendekezo

Watapinga wenye kupinga kwamba rufaa zikifika Mahakama Kuu jaji huketi pamoja na maulamaa, utaratibu uliowekwa tangu sheria ya 1985, basi ilimu ipo. Tunajibu: maulamaa hujibu lile lililoulizwa, na anayeuliza ni wakili. Wengine watasema wapo vijana waliosoma sheria pamoja na sharia katika Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa 1998 na kipo Tunguu. Hao wana msingi mwema, na tunawaombea wazidi. Lakini msingi si nyumba, na wenzao waliosoma vyuo vyengine hata msingi huo hawana.

Na lawama zisiwaendee mawakili peke yao. Sisi wa misikitini tumezoea kumwona wakili kuwa ni mtu wa suti na wa sheria za kizungu, tukamfungia mlango wa darsa kwa kuwa Kiarabu chake ni kidogo. Kwani nani alizaliwa na nahau? Aya ya Suratut-Tawba inayohimiza kundi moja libaki lijifunze dini ili lije kuwaonya wenzao haikulifunga kundi hilo kwa wenye vilemba.

Tunapendekeza jambo dogo linalowezekana. Katika mwaka wa kwanza baada ya kiapo, wakili wa Zanzibar asome milango 5: wakala, nafaka, kuvunjika kwa ndoa kwa namna zake zote, mirathi na wakfu. Asome kwa matini ya Kiarabu na sherehe ya Kiswahili, kwa sheikh mmoja, na kando yake akae wakili mzoefu wa kueleza utaratibu wa mahakama. Mwisho asipewe cheti cha kuhudhuria. Apewe masala: mume huyu, mke huyu, nyumba hii ya wakfu. Aandike jibu, na sheikh amhoji mpaka aridhike. Akishindwa, arudie mlango ule. Maimamu wenye darsa baina ya Magharibi na Isha wanaweza kuanza hata kabla ya chama chochote kupitisha azimio. Kinachotakiwa ni kitabu, mkeka na saa moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuijua haki na kuisimamia.

Wabillahi tawfiq.