Mkono Ndani ya Deraya: Maleba na Lugha katika Igizo la Vijana wa Nakivale

Wahakiki wetu wana desturi ya kuligawa kila igizo katika maudhui na fani. Wakifika kwenye fani hueleza muundo, wahusika na matumizi ya lugha, na maleba huyaachia sentensi moja ya mwisho, kwamba waigizaji walivaa vizuri. Katika makala haya tunakusudia kwenda kinyume cha desturi hiyo. Tutalihakiki igizo fupi la vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa kuanzia na jozi mbili za glavu za mpira, kwa kuwa tunaamini kwamba nguvu ya igizo hilo na udhaifu wake huonekana kwanza katika mikono iliyozivaa.

Nakivale, ambayo siku hizi imo wilayani Isingiro, ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na wengi wao hukutana katika Kiswahili. Igizo tunalolizungumzia lilitungwa na vijana wenyewe. Lilichezwa kwanza makazini, uwanjani na mchana. Kisha likachezwa mjini Mbarara, ukumbini, mbele ya walimu na wanafunzi. Hadithi yake si ndefu. Askari aliyevaa deraya mwili mzima amesimama katika njia itokayo kisimani. Mwanamke mwenye mtoto mgonjwa anataka kupita na dumu lake la maji. Askari anadai karatasi, halafu fedha, halafu dumu lenyewe. Mwishoni dumu limo mkononi mwa askari, na mwanamke, akiitazama deraya kwa makini kwa mara ya kwanza, anatambua kwamba bamba la kifuani limekatwa katika dumu lililopotea nyumbani kwake.

Tenzi za vita za pwani zimetuzoesha mashujaa wa panga, ngao na deraya. Aidha, katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, maji ndiyo yanayotarajiwa kuwakinga wapiganaji wa Majimaji na risasi za Wajerumani. Vijana wa Nakivale wameligeuza jambo hilo: kwao chombo cha maji ndicho kilichokatwa kikawa deraya. Bamba la kifua na mabega ni madumu ya plastiki yaliyopasuka, yakapakwa masizi. Miguu na mikono ni makopo ya mafuta ya kupikia yaliyonyooshwa kwa nyundo. Wahenga wamesema debe tupu haliachi kuvuma, nao watengenezaji walikumbuka kuweka vipande vya blanketi kuukuu ndani ya makopo, ili kishindo cha bati kisimeze maneno ya waigizaji. Huo ni uangalifu ambao hata vikundi vyenye fedha huukosa.

Shida ilikuwa vidole. Bati halikunjiki mahali pa vifundo, na askari huyu lazima afungue karatasi, ahesabu noti na kushika dumu. Kwa hiyo zilinunuliwa glavu nyeupe za mpira katika duka la dawa mjini Mbarara, ili zipakwe rangi na kubandikwa magamba madogo ya plastiki juu ya vidole. Vijana walitueleza majaribio yao, nasi twaona yafaa kuwapa walimu wenzetu. Rangi ya maji ilitiririka. Rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango, ilishika. Lakini kidole kilipokunjwa ikapasuka na kubanduka. Sababu yake ni dhahiri: mpira hunyumbuka, na rangi iliyokauka juu yake hainyumbuki. Hali kadhalika mafuta huudhoofisha mpira wa asili wenyewe.

Njia iliyofaulu ilitoka kwa mafundi baiskeli. Gundi yao ya kubandikia viraka ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika cha jamii ya petroli. Vijana waliichanganya na masizi yaliyochekechwa na udongo mwekundu uliosagwa. Wakaivalisha glavu kwenye mkono wa mbao, wakapaka utando mwembamba, wakauacha ukauke, kisha wakapaka wa pili na wa tatu. Mwanzoni glavu huvimba na kujikunja, maana kimiminika huingia ndani ya mpira. Kikishavukiza, glavu hurudi katika umbo lake, na rangi huwa imeshikamana nayo. Mwishowe ilinyunyiziwa unga laini wa muhogo ili vidole visigandane. Masizi ndiyo ndugu wa ile kaboni inayoyapa matairi weusi wake, na wekundu wa udongo hutokana na kutu ya chuma. Basi rangi ya kutu tuliyoiona jukwaani ilitoka katika kutu yenyewe. Mwalimu atakayewaongoza wanafunzi katika kazi hii ahakikishe inafanyika nje, mbali na moto, kwa kuwa mvuke wa gundi hudhuru na huwaka upesi. Na mwenye ngozi inayowashwa na mpira asipewe glavu hizo kabisa.

Yawezekana msomaji akauliza: kwa nini taabu yote hii kwa ajili ya rangi? Jibu ni kwamba glavu nyeupe ya mpira tayari ina maana yake. Ilianza kutumika katika upasuaji karibu na mwaka 1890 katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, ili kuikinga mikono ya muuguzi na dawa kali. Kwetu Uganda, baada ya UVIKO-19 na Ebola ya mwaka 2022, hakuna mtoto asiyeijua. Laiti askari angetokea na mikono myeupe, hadhira ingemwona mganga aliyevaa mabati. Rangi ya kutu iliuunga mkono na deraya, na kwa mbali mtu mzima alionekana wa chuma. Lakini kwa kuwa mpira ni mwembamba, walioketi karibu waliona vifundo vya vidole na alama ya kucha. Waliona kwamba ndani ya chuma kuna kijana. Hapo ndipo maleba yalipofanya kazi ambayo maneno ya igizo hayakuifanya.

Jozi ya pili tunaipinga. Baada ya kulichukua dumu, askari anageuka, kisha anarudi akiwa na glavu nyekundu. Kwanza, wekundu huo unarudia jambo ambalo tendo limekwisha kulisema. Pili, na hili ni zito zaidi, wengi wa watazamaji wa Nakivale ni watu wa Kongo, na mpira na mkono vina historia yao katika Kongo. Katika Dola Huru ya Kongo iliyomilikiwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, toka mwaka 1885 hata 1908, wanavijiji walilazimishwa kugema utomvu wa mipira ya mwituni, na askari walikata mikono ya watu ili kuthibitisha kwamba risasi walizopewa hazikupotea bure. Mkono mwekundu wa mpira mbele ya hadhira kama hiyo hauwezi kuwa pambo. Kama watunzi waliikusudia historia hiyo, igizo lilipaswa kuibeba kwa tendo au kwa neno. Nalo halikufanya hivyo, kwani onyesho linakwisha dakika hiyo hiyo. Kama hawakuikusudia, kutu ilitosha.

Tugeukie sasa lugha, ambayo ndiyo kasoro kubwa. Mwanamke anasema Kiswahili cha nyumbani kwake, chenye lafudhi ya Kivu, fasaha kwa namna yake na chenye adabu: anamwita askari "baba," anaomba, anaeleza. Askari anasema, "Wewe mama nataka kwenda wapi? Leta kitu kidogo!" Mbarara ukumbi mzima uliangua kicheko. Nakivale hawakucheka. Tofauti ya hadhira hizo mbili yastahili kufikiriwa.

Nchini Uganda Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu sifa ya kuwa lugha ya kambini. Kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni la King's African Rifles, kikabaki lugha ya amri baada ya uhuru, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukiondolea sifa hiyo. Mbarara yenyewe ilitekwa na majeshi ya Tanzania mwezi wa Februari 1979, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sisi walimu twajua kwamba azimio la serikali haliingii moyoni mwa mwanafunzi kwa siku moja. Kila mara jukwaa linapomtoa askari mwenye "wewe nataka," linamthibitishia mtazamaji kwamba Kiswahili ni lugha ya mtu mwenye bunduki asiye na shule.

Hatusemi kwamba askari asichekwe. Kumgusa mtawala jukwaani kumewahi kuwa hatari nchini humu; Byron Kawadwa, mtunzi na mwongozaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza, aliuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Amin. Uhuru wa kucheka ulipatikana kwa gharama, nao una thamani yake. Tunachosema ni kwamba kicheko cha Mbarara kilikiangukia Kiswahili, na ukatili ukapita bila kuguswa. Askari akawa kichekesho kutoka mbali, mtu asiyehusiana na yeyote ukumbini. Nakivale, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya jirani, watazamaji waliusikia ule usemi wakajua kwamba hakuna jirani yao anayesema hivyo. Kwa hiyo askari hakuwa mtu wanayemfahamu, wala hakuwatisha.

Hapa maleba na maandishi yamepingana. Glavu zinasema: huyu ni mmoja wetu, tazameni kucha zake. Deraya inasema hivyo hivyo, kwa kuwa imekatwa katika dumu la mwanamke. Usemi wake peke yake ndio unaosema: huyu ametoka pengine. Ni rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya mpira. Inang'aa mpaka kidole kikunjwe.

Pendekezo letu ni jepesi kutekelezwa. Askari na aseme Kiswahili kile kile cha mwanamke, kwa lafudhi ile ile, na aseme kwa upole. Amwite "mama" wakati anapolichukua dumu. Hapo hadhira ya Nakivale itamtambua, na ya Mbarara haitapata mlango wa kutokea kwa kicheko. Mwanamke atakapolitambua dumu lake kifuani mwa mtu anayesema kama kaka yake, ugunduzi huo utakuwa na uzito unaostahili, nasi hatutahitaji glavu nyekundu kutuambia kwamba dhuluma imetendeka.

Vijana hawa wametengeneza vizuri kile kilichokuwa kigumu kutengeneza. Maneno hayahitaji gundi wala safari ya duka la dawa, na mwigizaji wa askari, kama tulivyomsikia akizungumza na wenzake baada ya onyesho, anayo tayari. Walimu wa Kiswahili walio karibu na makazi hayo wana wajibu wa kumwambia hivyo kabla igizo halijachezwa tena.