Majina Kwanza, Mawe Baadaye

Julai 1300, mfalme Edward I wa Uingereza aliizingira ngome ya Caerlaverock, kusini-magharibi mwa Uskoti, karibu na mpaka. Haikuchukua siku nyingi ngome ikasalimu amri. Shairi refu la Kifaransa lililotungwa juu ya tukio hilo, hata hivyo, halina pupa ya kufika vitani. Sehemu yake kubwa ni orodha ya mabwana wa jeshi, kila mmoja na rangi na alama za bendera yake. Anayetaka vita huishia kuiruka orodha, na akiiruka ameliacha shairi lenyewe.

Tuanze na umbo. Mishororo ina mizani nane, sawa na utenzi, ila vina hubadilika kila baada ya mishororo miwili. Utenzi hutua kwenye bahari, kile kina cha mwisho wa kila ubeti. Hapa hakuna pa kutua. Jina huvuta jina, kikosi cha kwanza hadi cha nne, hata msomaji ajikute amezungukwa kabla jiwe la kwanza halijarushwa.

Mtunzi husimama pale mpangilio wake unapotishiwa. Mabwana Brian FitzAlan na Hugh Poyntz wamekuja na bendera zinazofanana, na mtunzi anataja jinsi watu walivyoshangaa. Nayo Caerlaverock, yenye pande tatu, anaifananisha na ngao. Hata kuta za adui zinasomwa kwa lugha ya mabwana, isipokuwa ngao hii haipewi rangi wala alama.

Wanaojitetea wanafanyiwa vivyo hivyo. Wanapotoka ni watu 60 basi: idadi, bila jina wala bendera. Shairi linasema mfalme aliwaachia uhai na kumpa kila mmoja vazi jipya. Wasio na alama zao wanavishwa na mshindi, na orodha inafungwa bila doa. Tarihi ya watawa wa Lanercost inasema tofauti: wengi waliokutwa ngomeni walinyongwa.

Sioni haja ya kumwita mtunzi mwongo. Alichagua umbo ambamo mtu huingia kwa bendera yake, na mateka hawakuwa nayo. Kwa kujua nani alivaa nini, shairi hili ni hazina. Kwa kujua nani alikufa, tusiliamini peke yake.