Fundi wa Tairi la Tatu

Pikipiki iliyogeuzwa kuwa ya matairi matatu ikipita, watu huangalia bodi: rangi, bomba lilivyopindwa, kiti kilivyoshonwa. Fundi huinama. Anatafuta mahali fremu ya kiwandani ilipoishia na chuma kipya kilipoanzia, anapitisha kidole kwenye mshono, kisha anarudi nyuma hatua chache na kufumba jicho moja aone kama tairi la mbele limesimama katikati ya yale mawili ya nyuma. Akiridhika hasifii. Anauliza tu difu imetoka wapi.

Fundi wa namna hiyo nimemtazama Tura, wilayani Uyui, upande wa mashariki wa Mkoa wa Tabora, akiibadilisha Boxer ya mfugaji nyuki ambaye mguu wake wa kushoto hauna nguvu. Pikipiki ya matairi mawili hudai mguu kila inaposimama. Ukichelewa kuushusha umelala nayo chini. Tairi la tatu linaondoa dai hilo. Ndiyo maana kule Marekani na Ulaya wenye pikipiki kubwa za safari ndefu, kama Honda Gold Wing iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, huwapelekea mafundi kazi hiyohiyo magoti yakishachoka. Harley-Davidson yenyewe iliunda Servi-Car ya matairi matatu kuanzia 1932 hadi 1973. Tura injini ni ndogo na mfuko ni mwembamba, lakini haja ni ileile.

Na njia hii ya kupitia Tura haijawahi kulipenda gurudumu. Misafara ya karne ya 19 ilivuka Mgunda Mkali, nyika kavu ya vichaka, ndipo ikatokea Tura na kuingia Unyamwezi. Mbung'o waliua ng'ombe wa kukokota magari. Msafiri Stanley alipoondoka pwani mwaka 1871 alikuwa na mkokoteni wa punda, urefu futi 5 na upana inchi 18, uliobanwa hivyo ili upite kwenye kijia cha watu wanaofuatana mmoja mmoja. Alipiga hesabu kwamba punda angevuta frasila 8, mzigo wa wapagazi wanne. Kijia hakikuikubali hesabu hiyo. Mizigo iliendelea kufika Tabora mabegani mwa Wanyamwezi, frasila 2 kila mtu, yaani kama kilo 32. Leo ndoo ya lita 20 ya asali ina kilo zipatazo 28, na huyu mfugaji nyuki anataka kubeba ndoo 10 kwa mkupuo mmoja. Ni mzigo wa wapagazi karibu 9, nyuma ya injini ya cc 150.

Kazi inaanza kwa kuvua. Tairi la nyuma, mkono unaolishika, shokapu na madigadi vinatoka. Betri nayo inatolewa kabisa kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, kwa sababu umeme wake ukipotea njia na kuingia kwenye nyaya za pikipiki unaweza kuua CDI, kisanduku kinachoamrisha cheche ya plagi. Klampu ya ethi anaibana karibu kabisa na pale anapochomelea, anaihamisha kila anapohama. Nilipomuuliza kisa, aliokota beringi kuukuu kwenye kopo akaniwekea kiganjani. Juu ya gololi palikuwa na vidoa vidogo vyeusi. Umeme ukipita ndani ya beringi huzichoma gololi namna ile, na beringi iliyochomwa hulia barabarani siku ambayo fundi hayupo.

Halafu kinakuja kipimo, na hapa ndipo subira inapoonekana. Anavuta uzi wa nailoni kutoka katikati ya tairi la mbele hadi nyuma ya ekseli mpya, anapima umbali wa kila tairi kutoka kwenye uzi. Anapima mishazari pia: kutoka shingo ya fremu hadi ncha ya kulia ya ekseli, kutoka shingo hadi ncha ya kushoto. Zikitofautiana milimita chache tu, anafungua. Pima maji iko juu ya ekseli muda wote. Mshono haupitishi moja kwa moja. Anashika kwa nukta, moja kulia, moja kushoto, anasubiri ipoe, anapima tena, kwa maana chuma kilichochomelewa kikipoa hujivuta kuelekea upande wa mshono. Asubuhi nzima iliisha hakuna mshono hata mmoja uliokamilika, na mwenye pikipiki, ambaye anajua mzinga ukifunguliwa kwa pupa unafanya nini, hakumharakisha.

Mwenye haraka angeunganisha matairi mawili ya nyuma kwa ekseli moja ya chuma kizima, akamaliza. Tatizo ni kona. Tairi la nje lina mwendo mrefu kuliko la ndani: yakiwa yameachana mita 1, ukizunguka duara moja kamili la nje litatembea mita 6.28 zaidi, duara liwe dogo au kubwa. Ekseli nzima hailitambui hilo. Lazima tairi moja liburuzwe, na chombo kizima kinang'ang'ania kwenda mbele wakati wewe umeshakata handeli. Mchangani inavumilika. Lakini sasa ukanda huu una lami, kipande cha Nyahua hadi Chaya cha kilomita 85.4 kimo humo, na lami hula tairi linaloburuzwa na kumpeleka dereva asikotaka. Kwa hiyo ni difu, inayoliachia kila tairi lizunguke kwa mwendo wake, ya aina inayovutwa kwa cheni, iliyotolewa kwenye guta lililokufa, ikafunguliwa, ikaoshwa kwa dizeli na kutiwa beringi mpya. Pamoja nayo kuna kisanduku kidogo cha rivasi. Pikipiki ya kawaida unairudisha nyuma kwa kusukuma kwa miguu. Yenye mzigo wa kilo 280 haisukumwi na yeyote.

Gia ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Kwenye Boxer gia hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na ndio usio na nguvu. Wazo la kwanza la mtu yeyote ni kupandisha mkono wa chuma upande huohuo wa kushoto. Fundi alitikisa kichwa: mkono wa kushoto umeshika klachi, utaachaje klachi ukabadilishe gia? Akapitisha fimbo ya chuma chini ya injini, akaitokeza kulia, akaipandisha hadi usawa wa paja. Mkono wa kulia unashika mafuta, na unapobadilisha gia mafuta lazima uyafunge. Kwa hiyo kwa nukta hiyo moja mkono ule hauna kazi, na ndiyo nukta anayouazima. Mguu wa kulia unabaki na breki yake.

Sanduku la mzigo limekaa mbele kidogo ya ekseli. Uzito ukilalia nyuma yake, tairi la mbele huwa jepesi mlimani na handeli haishiki njia. Kuhusu kuendesha kwenyewe nitasema kidogo: pikipiki hulala na kona, hii hailali. Unakata handeli, unaegemeza kiwiliwili upande wa ndani, unapunguza mwendo kabla ya kona na si katikati yake. Aliyeendesha bodaboda miaka mingi ana mengi ya kusahau.

Taa, ambazo wengine huziona pambo, kwake ni sehemu ya fremu. Usiku dereva wa lori akiona mbele yake taa moja anahesabu pikipiki, anaiachia nafasi ya pikipiki. Hajui kwamba nusu mita kila upande wa taa ile kuna chuma, tairi na asali ya msimu mzima. Taa moja ya katikati kwenye chombo kipana inadanganya. Basi fundi anaweka mbili nyeupe mbele, kwenye pembe za nje kabisa za sanduku, mbili nyekundu nyuma pembe kwa pembe, na tepe ya kuakisi ubavuni. Taa za bluu za kumetameta, zinazopendwa sana na vijana wa bodaboda, alizikataa, na naona alifanya vyema: hazimwambii mtu upana wa chochote.

Umeme wa pikipiki ndogo hautoshi kila kitu. Koili ya chaji ililetwa kulisha balbu moja ya mbele, indiketa na honi. Taa mbili za LED za wati 12 kila moja, kwa volti 12, zinadai ampea 2. Zinabebeka, ila si kupitia swichi nyembamba ya handeli. Anavuta waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri, hadi kwenye rilei. Swichi inaiamrisha rilei tu. Viungo anavilehemu, anavivika mpira, anaupitisha waya mbali na ekzosi. Na kila unapokaribia taa, waya unashuka chini kidogo, unapinda, ndipo unapanda kuingia ndani. Maji ya mvua yakiufuata yatadondokea kwenye pindo lile, hayatafika kwenye taa.

Pikipiki iliposimamishwa mbele ya ukuta nilidhani imebaki kukaza bolti. Fundi alichora mstari wa chaki chini kidogo ya kimo cha taa, kisha akaagiza mzigo. Ndoo 10 za maji zikapandishwa. Akasema maji ni mepesi kuliko asali, ziongezwe 4. Mwenye pikipiki akakaa kitini. Springi za nyuma zikashuka, na mwanga ukapanda juu ya mstari, mahali ambapo ungemchoma macho dereva anayekuja. Fundi akaushusha, akakaza nusu, akaamuru ndoo ziteremshwe. Chombo kikiwa kitupu mwanga uliangukia karibu mno. Akalegeza bolti, akatafuta pa kati, akaita ndoo zipande tena.