Kabla ya Kuvuta Kiti: Namna ya Kuipima Baa ya Piano

Piano kubwa nyeusi inayong'aa katika ukumbi wa hoteli huenda si piano. Huenda ni ganda la mbao lililofichiwa kinanda cha umeme ndani yake, na waya wake umeshuka nyuma ya mguu mmoja hadi kwenye soketi. Huenda pia ikawa piano ya kweli isiyo na mpigaji: tangu miaka ya 1980 kampuni ya Yamaha imekuwa ikiuza Disklavier, piano ambayo vibonyezo vyake hushuka na kupanda vyenyewe kwa maagizo ya kompyuta, na wapo wateja wanaokula hadi kahawa ya mwisho bila kutambua kwamba kile kiti mbele yake hakina mtu. Anayetafuta mgahawa au baa ambamo piano inapigwa kwa vidole vya binadamu na atumie macho kwanza, masikio baadaye. Kifuniko kisichofunguliwa usiku kucha na spika ndogo iliyojibanza chini ya piano ni dalili tosha.

Si kwamba kinanda cha umeme ni haramu. Mombasa na Dar es Salaam, ambako unyevu wa bahari huvimbisha mbao na kutia nyuzi kutu, mwenye hoteli anayenunua kinanda kizuri cha umeme ana busara kuliko anayeiacha piano ya mamilioni ioze kwenye baraza lenye upepo. Kosa ni kukivika joho la kisichokuwa.

Hata sinema imewahi kutudanganya katika jambo hili. Mpiga piano wa baa anayejulikana kuliko wote duniani ni Sam wa filamu ya *Casablanca* ya mwaka 1942, naye Dooley Wilson aliyemwigiza alikuwa mpiga ngoma asiyejua piano. Aliyepiga hasa ni Elliot Carpenter, pembeni, nje ya kamera.

Mji unaofaa zaidi kwa kujifunza kuzipima baa za piano ni New York, kwa sababu kila aina ya baa ya piano imepata kuwepo pale na nyingi zingali wazi kwa yeyote mwenye bei ya kinywaji kimoja. Mtihani wa kwanza ni wa chombo chenyewe. Piano ina vibonyezo 88 na nyuzi zipatazo 230, na nyuzi hizo kwa jumla huivuta fremu ya chuma kwa nguvu ya tani 18 hadi 20. Noti za chini kabisa zina uzi mmoja mmoja au nyuzi mbili mbili, zilizozungushiwa shaba. Kuanzia katikati kwenda juu, kila noti ina nyuzi tatu zinazopigwa na nyundo moja kwa pamoja. Hapo ndipo penye siri. Nyuzi tatu zikiwa sawasawa, sikio husikia sauti moja iliyonyooka. Mmoja ukilegea kidogo tu, sauti huanza kuyumba: tofauti ya mtetemo mmoja kwa sekunde huzaa wimbi moja linalopanda na kushuka kila sekunde, na likizidi hapo noti huanza kulia kama kengele iliyopasuka.

Hakuna haja ya kusomea muziki ili kulisikia hilo. Msikilizaji asubiri wimbo wa polepole, achague noti moja ndefu katika eneo lililo juu kidogo ya katikati ya piano, kwa kuwa ndiko nyimbo nyingi huimbwa, na aifuate mpaka izimike. Ikizimika bila kuyumba, nyumba ile ina fundi. Eneo hilo ndilo linaloteseka zaidi kwa hali ya hewa. Ubao mkubwa wa ndani unaotoa mlio, ambao kwa kawaida ni wa mti wa jamii ya msonobari, huvimba kwa unyevu na kuzikaza nyuzi, kisha hunywea hewa ikikauka. Majira ya baridi New York, mitambo ya kupasha joto hukausha vyumba kiasi kwamba piano iliyowekwa sawa Oktoba haiko sawa Januari. Piano ya nyumbani hutosheka na fundi mara mbili kwa mwaka. Ya baa inayofanya kazi kila usiku haiwezi kutosheka hivyo, na klabu makini humwita fundi kila wiki, nyingine kabla ya kila onyesho.

Gharama hiyo haionekani kwenye menyu wala haimletei mwenye baa sifa, na ndiyo sababu inasema mengi. Mwenye baa anayelipia fundi anauchukulia muziki kuwa sehemu ya chakula anachouza. Asiyelipia ameweka fanicha.

Historia ya New York ina mfano wa mteja aliyelijua hilo. Mwaka 1969 Bradley Cunningham alifungua baa yake, Bradley's, katika nambari 70 University Place. Miongoni mwa waliopenda kukaa pale ni Paul Desmond, mpiga saksafoni aliyetunga "Take Five". Alipofariki mwaka 1977, wosia wake uliiachia baa hiyo piano yake ya Baldwin, na kwa karibu miaka ishirini iliyofuata ilipigwa na wapiga piano kama Tommy Flanagan, Hank Jones na Kenny Barron, hadi baa ilipofungwa mwaka 1996. Chumba kilikuwa chembamba, na mara nyingi hakukuwa na zaidi ya piano na besi. Wengi walidhani hilo ni suala la ladha tu, kumbe mkono wa serikali nao ulikuwemo. Sheria ya mji iliyotokana na ile ya mwaka 1926 iliruhusu baa isiyo na leseni ya kabareti kuwa na wanamuziki wasiozidi watatu, na kwa muda mrefu ilikubali piano na vyombo vya nyuzi huku ikikataa ngoma na tarumbeta. Mahakama zilifuta masharti hayo katika miaka ya 1986 na 1988. Utamaduni wa piano na besi, unaosifiwa leo kwa utulivu wake, ulilelewa kwa sehemu na makarani wa leseni.

Baada ya chombo, mtu. Mpiga piano wa baa hapimwi kwa kasi ya vidole, maana kasi huwapumbaza wageni. Mkono wa kushoto ndio wa kuchunguzwa: anayepiga peke yake hana besi wala ngoma nyuma yake, hivyo mdundo na msingi wote wa wimbo umo katika mkono huo. Msikilizaji asikilize nyimbo tatu mfululizo. Mkono wa kushoto ukirudia mtindo uleule katika zote tatu, bolero ikatembea kama bluzi na bluzi kama wimbo wa Krismasi, huyo amekariri nyimbo tu. Aliyeiva hubadilisha uzito: hapa besi inatembea noti kwa noti, pale inanyamaza kabisa na kuuacha wimbo uning'inie.

Mfano bora wa mikono miwili inayojitegemea ulianzia kwenye baa ya kawaida kabisa. Mwaka 1954 binti aitwaye Eunice Waymon, aliyefunzwa muziki wa Bach na kupitia chuo cha Juilliard, alipata kazi katika Midtown Bar & Grill, Atlantic City. Mwenye baa akamwambia aimbe pia, la sivyo kazi haipo. Akaimba, na ili mama yake mhubiri asijue binti anapiga wapi, akajiita Nina Simone. Katika rekodi yake ya mwanzo ya "Love Me or Leave Me" kuna kipande ambacho mikono inafukuzana kwa mtindo wa Bach ndani ya wimbo wa mapenzi. Anayekisikiliza mara moja hawezi tena kuridhika na mpigaji anayeutumia mkono wa kushoto kushikilia mdundo tu.

Sifa ya pili ni kujua kupiga chini ya mazungumzo bila kupotea. Sauti ndogo iliyo wazi ni ngumu kuliko sauti kubwa, na wapigaji dhaifu hushindana na kelele: meza zikipaza sauti nao wanagonga zaidi, meza zinapaza tena, na baada ya nusu saa hakuna anayesikia chochote. Mazoezi ya sikio kwa hili yanapatikana nyumbani. Tarehe 25 Juni 1961 mpiga piano wa jazi Bill Evans alirekodiwa akiwa na kundi lake katika klabu ya Village Vanguard, New York, na katika rekodi hizo husikika glasi zikigongana na watu wakipiga soga. Evans hashindani nao. Anapunguza, na sikio la msikilizaji linamfuata.

Ya tatu ni namna ya kupokea maombi. Mteja akiomba wimbo, mpigaji wa daraja la juu haupigi palepale. Huingiza nyimbo mbili za kupitia, kisha ule ulioombwa unafika kana kwamba ndio uliokuwa unaelekewa tangu mwanzo. Na mteja aliyelewa akisimama kuimba katika ufunguo usiomfaa, mpigaji humteremshia wimbo mzima kimyakimya, bila kumwaibisha. Ustadi huo haufundishwi kwenye mitihani ya muziki. Wapiga vinanda wa makanisa ya Afrika Mashariki wanao kwa wingi, kwa kuwa wamezoea kumfuata mwimbishaji anayeanzisha pambio popote apendapo. Mwimbaji Billy Joel alijifunza ustadi huo mwaka 1972 huko Los Angeles, alipokuwa akipiga katika baa ya Executive Room kwa jina la kubuni la Bill Martin. Wimbo wake "Piano Man" wa mwaka uliofuata ulitokana na wateja wa pale.

Chumba nacho kina hukumu yake, ingawa si nzito kama wengi wanavyodhani. Televisheni iliyowashwa ikionyesha mpira huondoa kila shaka: pale piano ni pambo. Mashine ya kusagia barafu iliyo hatua mbili kutoka kwenye piano ni kosa la aliyechora ramani, na mhudumu mwema huizuia wakati wa wimbo wa polepole. Glasi juu ya kifuniko cha piano, kama piano haikujengewa kaunta maalumu kuizunguka, ni alama mbaya. Bia ikimwagika ndani hugandisha vibonyezo kwa majuma.

Kuna chumba kimoja ambacho hata mwenye masikio makali huona haya kukikosoa. Baa ya Bemelmans katika hoteli ya Carlyle, barabara ya 76 mashariki, imezungukwa na michoro ya ukutani ya Ludwig Bemelmans, mtunzi wa vitabu vya watoto vya Madeline, ambaye badala ya fedha alipewa malazi hotelini humo yeye na familia yake. Dari ina rangi ya dhahabu, na piano imekaa katikati ya watu. Mapema jioni ni mahali pa kusikiliza. Usiku ukikua ni mahali pa kuonekana, kuna kiingilio, na soga huimeza piano. Ng'ambo ya ukumbi, katika Café Carlyle, Bobby Short alipiga na kuimba kuanzia 1968 hadi 2004. Miaka 36 ya mtu mmoja katika nyumba moja ni cheti ambacho hakuna tangazo linaloweza kukishinda.

Baa za kuimba pamoja hupimwa kwa kipimo kingine kabisa. Marie's Crisis, katika chumba cha chini ya ardhi Grove Street, New York, iko mahali alipofia mwandishi Thomas Paine mwaka 1809, na sehemu ya jina la baa imetoka katika maandishi ya Paine. Mpigaji hupiga nyimbo za tamthilia za Broadway na umma mzima huimba. Kumtaka apige taratibu pale ni kutojua ulikokuja. Anachodaiwa ni kasi thabiti, utangulizi unaomwonyesha kila mtu mahali pa kuingilia, na mamlaka ya kumnyamazisha kwa upole anayetaka kuimba peke yake. Huko New Orleans, katika baa ya Pat O'Brien's, wamo wapigaji wawili kwa piano mbili zilizofunikwa shaba wakijibizana kwa maombi ya wateja. Kwa miaka mingi Eddie Gabriel aliwasindikiza kwa kugonga sinia la chuma kwa vidole vilivyovaa kastabini. Ni burudani ya kelele, na katika kelele zake ni ya kiwango cha juu.

Kuzitafuta nyumba za namna hii si kazi ngumu kama mtafutaji atasoma matangazo kwa jicho kali. Tangazo linalosema "muziki mubashara" bila jina la mpigaji lipitwe. Nyumba inayojiheshimu huandika jina na saa. Simu moja pia hutosha: aulizwe anayepokea ni nani anapiga leo, na anaanza saa ngapi. Akilijua jina bila kwenda kuuliza jikoni, meza iwekwe. Jumatatu hadi Jumatano huwa bora kuliko Ijumaa, kwa sababu walio ndani wamekuja kwa muziki.

Kiingilio kisimtishe mtu. Mara nyingi ndicho kinachomlipa mpigaji, na panapokosekana, glasi ya bakshishi iliyo juu ya piano huwa sehemu kubwa ya ujira wake. Desturi ni kutia noti ya fedha kabla ya kuomba wimbo, na mteja ambaye hakuomba chochote hutia yake anapoondoka.

Kwa mwenye usiku mmoja tu New York, njia ni hii: Bemelmans mpigaji wa kwanza anapoanza jioni, kinywaji kimoja, kisha treni ya chini ya ardhi hadi Greenwich Village. Anayetaka kusikiliza kwa kunyamaza aingie Mezzrow, West 10th Street, chumba kidogo kilichofunguliwa mwaka 2014 na Spike Wilner, ambaye mwenyewe ni mpiga piano. Anayetaka kuimba aende Marie's Crisis, dakika chache tu kwa miguu kutoka hapo. Abebe noti ndogo ndogo za fedha.