Saa za Kuhesabu: Kuusoma Usiku wa Mlimani City

Mkutano mkuu wa chama cha siasa ni utanzu. Una fani yake, wahusika wake wa kudumu na hadhira yake iliyozoezwa, na mtu aliyekulia Temeke au Kinondoni huanza kuujua kabla hajafikia umri wa kupiga kura, maana runinga ya sebuleni, ya kinyozi na ya kibanda umiza humletea toleo jipya kila baada ya miaka michache. Ajabu ni kwamba uhakiki wetu, ambao haujachoka kuchambua ngonjera, umeupita utanzu huu kana kwamba ni taarifa ya habari tu. Januari 2025 tulipewa matini mbili zake ndani ya wiki moja: mkutano wa CCM uliofungwa Dodoma tarehe 19, na ule wa CHADEMA uliofunguliwa tarehe 21 katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam. Ninashughulika zaidi na huu wa pili. Ninayo kadi ya chama hicho, na msomaji ajue hilo mapema. Ila sioni kwamba ushabiki ni kasoro ya kuombewa radhi, kwa kuwa matini yenyewe ilitungwa kwa ajili ya shabiki.

Nguzo ya utanzu huu ni mwito na mwitikio. Mwenye kipaza sauti haanzi hoja kabla hajaidai hadhira sauti yake: “Kidumu Chama cha Mapinduzi” hujibiwa “Kidumu”, na “Pipoz” hujibiwa “Pawa”. Mathias Mnyampala, aliyeikuza ngonjera, angeitambua mbinu hiyo mara moja: sauti ni mbili, lakini mwafaka wao unajulikana tangu ubeti wa kwanza, na mbishi huingia jukwaani ili hatimaye akubali. Dodoma iliifikisha kanuni hiyo kwenye kikomo chake. Hoja ya kumpitisha Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea urais iliinuka kutoka kwa wajumbe, ikapanda meza kuu, ikarudi ukumbini ikiwa azimio. Yaani mwitikiaji ndiye aliyepewa mwito, na meza kuu ikaonekana kuitikia. Kisiasa nina yangu ya kusema. Kifani, kazi hiyo imepigwa msasa vizuri.

Mlimani City nguzo hiyo haikuweza kubeba kitu, na kilichoidhoofisha ni mfanano wa washindani wa uenyekiti. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti tangu 2004, na Tundu Lissu, aliyekuwa makamu wake upande wa Bara tangu 2019, walikuwa wameshiriki kibwagizo kimoja, kombati zilezile za kaki na vidole viwili vilevile hewani. Aliyeitikia “Pawa” hakuwa amemchagua yeyote. Kila mmoja alikuwa na matini tangulizi yake: Mbowe miezi ya mahabusu ya 2021 na 2022, Lissu risasi alizopigwa tarehe 7 Septemba 2017. Tofauti ni kwamba ya Lissu imeandikwa mwilini, hivyo kamera ikimfuata akitembea tu, historia nzima inasimuliwa bila mtangazaji kufungua kinywa. Ya Mbowe inahitaji msimulizi. Sidhani kama wajumbe walipiga kura kwa ajili ya mwendo wa mtu, lakini runinga ni chombo kinachopenda mwendo kuliko wasifu, na usiku ule upendeleo huo ulionekana.

Sehemu iliyo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ambayo mhariri yeyote angeikata. Baada ya kura kupigwa zilifuata saa za kuhesabu, usiku kucha hadi asubuhi ya tarehe 22, nazo ndizo ninazoziita muda-usimulizi-butu: muda ambao tukio linatokea kweli, lakini halionekani. Kura zinahesabiwa, picha haina cha kuonyesha. Kamera inarudi kwenye picha pana ya ukumbi, inamwendea mjumbe aliyelaza kichwa juu ya mkoba wake, inarudi tena. Mtangazaji anayarudia aliyokwisha kuyasema, safari hii kwa sauti ya chini. Hakuna anayemwita shabiki, kwa hiyo shabiki hana la kuitikia, na hapo ndipo utanzu unapogeuka mikononi mwake: kutoka mwitikiaji anakuwa msomaji. Katika banda nililotazamia, Mbagala Kizuiani, watu ambao jioni walikuwa wakibishana kwa majina ya timu zao sasa walikuwa kimya wakichambua viungo vya wageni. Nani kainuka, nani kaitwa pembeni, nani ameacha kupokea simu. “Huyo kaka ameinuka vibaya,” alisema jirani yangu kuhusu mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyelijua jina lake, na banda zima likaikubali tafsiri hiyo kwa muda. Umbali nao ulifanya kazi. Kutoka Mbagala hadi Mlimani City ni safari ya daladala tu. Chama chenyewe kwa miaka mingi kilikuwa na makao yake Mtaa wa Ufipa, Kinondoni, mahali ambapo mwanachama aliweza kupita kwa miguu. Tulikuwa karibu vya kutosha kwenda kusimama nje ya ukumbi, na bado kioo kilitupa uso wa mtu ambao waliosimama nje wasingeuona.

Kisha kilele kikapita mlango mwingine. Kabla matokeo hayajatangazwa rasmi ukumbini, Mbowe aliandika mtandaoni kwamba ameyapokea na kumpongeza Lissu. Tazama ujasiri wa kimsuko uliomo, uwe wa kukusudia au la: taharuki iliyojengwa na runinga usiku mzima inafumuliwa kwa maandishi kwenye simu, na anayeifumua ni mshindwa. Banda liliacha kutazama ukutani, likainamia viganja. Tangazo rasmi lilipofika halikuwa tena na kazi ya kufichua; lilibaki na kazi ya kuthibitisha.

Hata hivyo takwimu zenyewe zina umbo linalostahili kutafakariwa: 513 za Lissu, 482 za Mbowe, kisha 1. Linganisha na Dodoma, Julai 2015, CCM ilipompata John Magufuli kwa kura 2,104, Amina Salum Ali akipata 253 na Asha-Rose Migiro 59. Ule ni mteremko. Namba ya kwanza inazimeza zilizobaki, na sikio linapumzika kabla msomaji wa matokeo hajamaliza. Hapa namba mbili za kwanza zinasimama karibu kimo kimoja, tofauti yake ni 31, kisha inakuja ile kura 1 ya mgombea wa tatu, Charles Odero. Mtunzi mwoga angeifuta kwa kuona inaleta mzaha mahali pazito. Mimi naona ndiyo inayolinda uaminifu wa matini yote: hesabu iliyochukua usiku kucha kutenganisha kambi mbili kubwa iliiona pia kura moja, ikaitaja kwa sauti ileile.

Vipande vya video vinavyozungushwa WhatsApp huanza hapo, pale takwimu zinaposomwa, na ndiyo maana vinapotosha. Ndani yake Lissu anaonekana kama mtu ambaye ushindi ulikuwa ukimngoja, na Mbowe kama sura ya zamani inayofungwa. Yaliyofuata yameuzidishia upotoshaji huo nguvu: Aprili 2025 Lissu alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na leo ni vigumu kumtazama akishangiliwa bila kumwona kizimbani. Rekodi ndefu haikubali usomaji huo wa kinyumenyume. Ndani yake hakuna anayejua lolote, si la Aprili wala la saa mbili zijazo, na kura 31 bado zimo ndani ya masanduku. Mwenye bando la kutosha aanzie pale masanduku yanapofungwa, wala asirukie mbele mjumbe yule anapolaza kichwa juu ya mkoba.