Kadi Iliyojua Kusema Basi

Ubao wa kanbani umeenea maofisini, na karibu kila mahali umevuliwa roho yake. Kazi zinazosubiri upande huu, zilizokwisha upande ule, na katikati zile zinazoendelea, zimesongamana kwa sababu kila mkubwa anayepita huongeza ya kwake. Wenye ubao hujisifu kwamba kazi sasa zinaonekana. Lakini ufundi huu haukubuniwa ili kazi ionekane tu; ulibuniwa ili isianze kabla haijahitajika.

Mhandisi Taiichi Ohno alianza kuujenga ufundi huo katika karakana za Toyota, Japani, mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa uhaba. Mwaka 1950 kampuni ilinusurika kufilisika huku magari yake yakikosa wanunuzi. Alivutiwa na supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri wateja wanavyochukua. Ufundi wake uliendeshwa na kadi: karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, imeandikwa ni kipuri gani, vingapi, vinatoka wapi na vinakwenda wapi. Ilifuatana na kasha la vipuri. Kasha likianza kutumika, kadi ilirudi kwa waliovitengeneza, na kurudi kwake ndiko kulikokuwa ruhusa ya kutengeneza vingine. Isiporudi, fundi aliacha mashine itulie, hata kama chuma kilikuwepo tele. Kisha, kazi ilipokwenda sawa, msimamizi alipunguza idadi ya kadi kwa makusudi, ili kasoro iliyokuwa imejificha nyuma ya akiba ijitokeze: mashine inayokwama kila mara, kalibu inayochukua saa nyingi kubadilishwa. Kasoro ikitibiwa, kadi nyingine iliondolewa. Huo ndio umahiri ninaousifu, na ndio uliotupwa.

Wapo wanaosema kujibana hivyo ni hatari, na ushahidi wanao. Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin mjini Kariya, kilichotengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa ajili ya Toyota. Akiba ilikuwa ya saa chache tu, na viwanda vya Toyota nchini Japani vikasimama kwa siku kadhaa. Hata hivyo, kilichoponza zaidi ni kutegemea kiwanda kimoja. Tena kikomo kinachowekwa na kadi si lazima kiwe kidogo: baada ya tetemeko la Japani la 2011, Toyota iliwataka wanaoiuzia chipu waweke akiba ya miezi kadhaa. Kadi hudai idadi iliyofikiriwa, si umaskini wa ghala.

Wengine husema kazi ya ofisi si chuma, haipimiki. Lakini mwaka 1961 mtafiti John Little alithibitisha kwamba wastani wa muda wa kazi kukaa mkononi ni wastani wa idadi ya kazi zilizoanzwa na hazijakwisha ukigawanywa kwa kasi ya kuzimaliza. Wanaomaliza kazi 5 kwa wiki wakiwa na 10 mkononi, kila moja huchukua wiki 2. Wakishika 40, ni wiki 8. Hesabu hiyo haiulizi kama ni breki au barua.

Basi wenye mbao waandike idadi juu ya ile safu ya katikati, na ikifikiwa, hata mkurugenzi asubiri.